Maoni Yetu ya Kwanza juu ya Mchezo wa Valheim

Mtu anayetaka kupima kitabu hukisoma mpaka ukurasa wa mwisho, ndipo akafumbua kinywa. Lakini siku hizi iko michezo ya kompyuta isiyo na ukurasa wa mwisho. Mtu akingoja aimalize ndipo aseme, hatasema neno kamwe. Kwa hiyo twaona yafaa kuandika sasa yale tuliyoyaona katika majuma sita ya kwanza ya mchezo uitwao Valheim. Tuliucheza watu wanne, waalimu wenzi, kila mmoja akiwa katika kituo chake, jioni za Ijumaa na Jumamosi baada ya kusahihisha madaftari. Vijana wengi wametuuliza: Je, mchezo huu ni kitu cha maana, au ni upotevu wa saa tu? Swali hilo si dogo, maana saa za kijana hazirudi, na fedha ya kununulia intaneti haiokotwi njiani. Basi tutajaribu kulijibu kwa haki, tukisifu panapostahili sifa na tukilaumu panapostahili lawama.

Kwanza yafaa tueleze aina ya mchezo wenyewe, kwa ajili ya wasomaji ambao hawajauona. Iko michezo ambayo mchezaji hupewa njia moja, akaifuata mpaka mwisho kama mtu apitaye katika ujia mwembamba. Na iko mingine ambayo mchezaji hutupwa katika nchi pana, pasipo njia wala kiongozi, akaambiwa: Ishi ukiweza. Hukata miti, huokota mawe, hujenga kibanda, huwinda, hulima, hupigana na wanyama na mazimwi. Na aghalabu hufanya hayo pamoja na wenzake walio mbali, kwa njia ya intaneti. Minecraft, uliokamilishwa mwaka 2011, ndio uliowafundisha watu wengi aina hii. Rust, wa Facepunch Studios ya Uingereza, uliotolewa mara ya kwanza Desemba 2013, ni wa aina hii pia, lakini ndani yake adui mkubwa ni jirani yako: ukilala, huja akavunja ukuta akachukua kila ulicho nacho. Valheim umechagua njia nyingine, nasi tutaona ni njia gani.

Waliotengeneza Valheim ni kampuni ndogo iitwayo Iron Gate, ya mji wa Skövde katika Uswidi. Richard Svensson aliuanza mwaka 2017 katika saa zake za mapumziko, akiwa bado na kazi nyingine ya kuajiriwa. Kisha akaungana na Henrik Törnqvist, wakaunda kampuni hiyo. Mchezo ulipotolewa tarehe 2 Februari 2021, kwa bei ya kama dola 20 za Marekani, wafanyakazi wote walikuwa 5 tu. Wakati ule watu wengi duniani walikuwa wamefungiwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, wakiwatamani rafiki zao. Na katika muda wa kama mwezi mmoja nakala milioni 5 zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Kufika Aprili 2022 zilikuwa milioni 10. Yapasa tutaje pia ya kuwa mchezo ulitolewa ukiwa haujamalizika, na wenyewe walisema hivyo bila kuficha. Nchi za ukungu ziliongezwa Desemba 2022, na nchi za majivu Mei 2024. Twalitaja jambo hili ili mtu asidhani kwamba kazi kubwa yataka daima jeshi la watu. Watu watano waliokaa katika mji mdogo walifanya kitu kilichowashinda wengine wenye mamia ya mafundi.

Hadithi ya mchezo imetoka katika masimulizi ya kale ya watu wa Skandinavia, zamani za Waviking, mabaharia wa kaskazini waliosafiri na kupigana kuanzia kama karne ya 8 mpaka ya 11. Mchezaji ni shujaa aliyekwisha kufa. Huchukuliwa na kuletwa katika nchi iitwayo Valheim, ambako Odin, mkuu wa miungu ya masimulizi hayo, aliwafungia adui zake wa kale. Kazi ya mchezaji ni kuwatafuta adui hao mmoja mmoja na kuwashinda. Kila mmoja huitwa kwa sadaka yake juu ya jiwe: Eikthyr, paa mwenye pembe za umeme, kwa vichwa 2 vya paa, wa pili, mwenye umbo la mti mkubwa, kwa mbegu 3 za kale zinazochomwa motoni. Wako wazazi watakaoshtuka wakisikia habari za sadaka na mizimu. Sisi twasema kwamba hadithi za mazimwi tumesimuliwa na bibi zetu tangu utotoni, wala hakuna aliyemwabudu zimwi kwa kusimuliwa. Afadhali mzazi aketi na mwanawe amwulize maana ya hadithi, kuliko kumpokonya mchezo asioujua.

Sasa tuje kwenye mchezo wenyewe. Siku ya kwanza mchezaji husimama katikati ya duara la mawe makubwa, amevaa matambara, mikono mitupu. Kunguru huja akamwambia maneno machache, kisha humwacha. Huokota vijiti na mawe, akatengeneza shoka na nyundo. Kwa nyundo hujenga meza ya fundi; lakini meza ile haifanyi kazi mpaka iezekewe paa. Kwa hiyo yampasa kujenga banda kabla ya kufanya jambo lolote la maana. Akitaka kuchimba madini, yampasa kwanza amshinde Eikthyr, maana ni pembe yake ngumu itengenezwayo sururu ya kwanza. Kwa sururu hupata shaba nyekundu na bati katika misitu mizito. Lakini kuyeyusha madini kwataka tanuru, na tanuru yataka makaa, na makaa yataka tanuru yake, na tanuru zote mbili zataka viini vya moto vinavyopatikana ndani ya makaburi ya kale. Vipande 2 vya shaba nyekundu na kimoja cha bati hutoa kipande kimoja cha bronzi. Hivyo kila kitu kina mzazi wake, na hakuna kinachoshuka kutoka mbinguni. Mwalimu anayehangaika kuwaeleza wanafunzi kwa nini wanadamu walikaa muda mrefu sana kabla ya kupata chuma, atafurahi kuona jambo hilo likieleweka mikononi mwao bila maneno mengi.

Jambo la pili lililotupendeza ni chakula na mapumziko. Katika michezo mingi ya aina hii njaa ni fimbo: usipokula, wafa. Katika Valheim mtu hafi kwa njaa. Asipokula hubaki dhaifu, na pigo dogo humwua. Akila vyakula 3 vya namna mbalimbali, huwa na nguvu za kupigana na pumzi za kukimbia. Chakula basi ni matayarisho ya kazi, na hofu haimo. Kadhalika mapumziko: mtu aliyeketi karibu na moto, chini ya paa, huondoka akiwa na pumzi zinazorudi upesi, na kadiri nyumba ilivyo nzuri ndivyo faida hiyo inavyodumu. Kiti, meza, kitanda, zulia la ngozi, vyote vina kazi. Mmoja wetu ambaye hapendi vita alifanya nyumba kuwa kazi yake, naye aligeuka kuwa mtu wa lazima kabisa. Wapiganaji walikuwa wakirudi kwake wamechoka, wakatoka wamekuwa watu wapya. Ni michezo michache inayokumbuka kwamba shujaa ana nyumba, na kwamba yuko mtu anayeitunza.

Nyumba yenyewe haijengwi kwa kubahatisha. Moto uliowashwa ndani ya chumba kisicho na tundu hujaza moshi, na moshi humdhuru aliyemo. Ukitoboa paa kwa ujinga, mvua huuzima moto. Kwa hiyo yakupasa kufikiri njia ya kutoa moshi na kuzuia mvua pamoja. Mbao zisizofunikwa huharibiwa na mvua mpaka kubaki na nusu ya nguvu zao. Kila boriti ina nguvu kwa kadiri inavyotegemezwa na ardhi. Ukiielekezea nyundo huonyesha rangi: buluu kwa ile iliyokaa juu ya nchi, kisha kijani, manjano, na nyekundu kwa ile iliyo karibu kuanguka. Mtu anayetaka ukumbi mpana hujifunza upesi kwamba paa halisimami kwa matumaini. Hata mti unaoukata una uzito wake: huanguka upande wowote, hupiga miti mingine ikaanguka nayo, na kama mwenzako amesimama hapo, humwua. Katika kundi letu ilikuwa desturi, kuanzia juma la pili, kwamba mkata mti hupiga ukelele kabla ya pigo la mwisho. Hatukufundishwa na mtu. Mchezo wenyewe ulitutaka tuwe na adabu hiyo.

Na hapa tumefika kwenye kiini cha mambo, yaani namna mchezo unavyowaunganisha watu. Katika nchi moja waweza kuingia wachezaji mpaka 10. Hawawezi kudhuriana kwa silaha mpaka wote wawili wakubali kwa hiari yao. Usiku haupiti mpaka kila mmoja aliye katika nchi ile awe kitandani. Akibaki mmoja tu nje anazurura, wote hungoja. Siku moja ya mchezo ni dakika 30 za saa yetu, basi jambo hili hutokea mara nyingi kila jioni, na kila mara sauti husikika: “Mwalimu, twakungoja wewe tu!” Ustadi wa kila mtu hukua kwa kutenda: anayekimbia hukimbia vizuri zaidi, anayekata hukata vizuri zaidi. Kwa hiyo baada ya majuma machache mmoja alikuwa mpiga mishale wetu, mmoja nahodha, mmoja mchimbaji, na mmoja mwenye nyumba. Hakuna aliyewagawia kazi hizo, wala hakuna aliyekuwa bwana wa mwenzake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hiyo twaiandika kila mwaka ubaoni, lakini ni mara chache tumeiona ikitenda kazi waziwazi namna hii.

Lakini umoja una majaribu yake, na mchezo hauyaondoi. Makasha ya akiba hufunguliwa na yeyote, isipokuwa mmoja aweke kinga juu ya mahali pake. Chuma ni haba, na huchimbwa kwa taabu. Mtu mmoja akitwaa chuma chote akajitengenezea mavazi ya vita, wengine watabaki na ngozi. Kundi letu lilipofika kwenye chuma, maneno yalianza: nani amechimba zaidi, nani huingia kwa nadra, nani huchukua pasipo kusema. Dawa tuliyoiona ni ya kizamani. Mchezo unaruhusu kutundika vibao vya kuandikia. Basi juu ya kila kasha tukatundika kibao, na kila atoaye aliandika alichotoa na kazi yake. Mali bila daftari huisha bila habari. Manung'uniko yalikwisha jioni ile ile, ijapokuwa chuma hakikuongezeka hata kipande kimoja.

Kuna sheria moja katika mchezo ambayo wachezaji wengi huilalamikia, nasi twaiona kuwa ndiyo bora kuliko zote. Mchezaji aweza kujenga malango mawili ya ajabu, akaingia kwa moja akatokea kwa jingine, hata kama yako mbali sana. Lakini madini hayapiti katika malango hayo. Shaba, bati na chuma hubebwa kwa mkono, kwa gari la kukokota, au kwa chombo cha baharini. Mtu hubeba uzito wa 300 tu bila kulemewa, na chuma ni kizito. Kwa hiyo waliopata chuma ng'ambo ya bahari hawana budi kujenga chombo, kungoja upepo, na kuvuka. Upepo ukiwa wa mbele, yawapasa kupiga bisho, wakienda upande huu na upande huu, au kupiga makasia polepole. Usiku huja, mawimbi huinuka, na nyoka wa baharini huweza kutokea. Bila sheria ile bahari ingekuwa picha ya kutazamwa tu. Kwa sababu yake bahari ni safari, na chombo ni kitu cha kupendwa, na kufika nyumbani ni furaha ya kweli.

Hata hivyo sheria hii ina tundu, na tundu hilo lilitutia katika mabishano makali kuliko jambo jingine lolote. Mchezo humhifadhi mchezaji mbali na nchi aliyomo. Mtu aweza kubeba chuma, akatoka, akaingia katika nchi nyingine iliyo yake peke yake, akaweka chuma ndani ya kasha, akarudi mikono mitupu, akapita langoni, kisha akaenda kukichukua na kukileta nyumbani. Bahari imeepukwa. Jioni moja, saa nne ya usiku, tukiwa na mzigo mkubwa wa chuma katika kinamasi cha mbali, mmoja wetu alisema: “Ndugu zangu, kesho ni kazi. Tutumie njia hiyo.” Mwingine akajibu ya kwamba kama ndivyo, heri tusicheze kabisa. Wa tatu alisema ni mchezo tu, hakuna anayeibiwa.

Neno hilo la mwisho lilistahili kufikiriwa, maana ni kweli: hakuna anayeibiwa. Lakini mchezo ni sheria zake. Ukiziondoa, hubaki picha za miti na maji. Kucheza ni kukubali kwa hiari kwamba jambo fulani litakuwa gumu, na thamani ya kufika imo ndani ya makubaliano hayo. Tena yupo mwenzetu wa nne, ambaye jioni ile hakuwapo. Yeye ndiye aliyekijenga chombo, kwa usiku mbili za kazi. Kuiepuka bahari bila yeye kujua kungekuwa kuidharau kazi yake. Mwaka 2023 watengenezaji waliongeza uwezo wa kubadili masharti ya nchi, hata madini yakapita langoni, kama wenye nchi wakipenda. Sisi hatuoni ubaya wowote kwa kundi linaloketi na kukubaliana wazi kubadili sheria. Linalotofautiana na hilo ni kupita dirishani ilhali sheria ingali imeandikwa mlangoni. Basi tuliafikiana kuacha mzigo pale pale, tukalala, na juma lililofuata tukavuka wote wanne. Safari ilikuwa ndefu, na pepo hazikutupenda, lakini hakuna aliyeilalamikia.

Tuseme neno juu ya kufa, maana ndiko kunakowakatisha tamaa wanaoanza. Mchezaji akifa huamka kitandani pake, uchi, na vitu vyake vyote hubaki katika kaburi mahali alipoanguka. Ustadi wake wote hupungua kwa sehemu 5 katika 100. Yampasa kurudi mahali pale pale palipomwua, akiwa dhaifu, ili avipate tena. Mtu aliye peke yake huweza kufa mara ya pili na ya tatu katika njia ile. Lakini mtu mwenye wenzi hupelekwa na wenzi wake: mmoja humpa nguo, mwingine chakula, wa tatu hutangulia mbele. Hivyo adhabu ile ile ambayo kwa mpweke ni ukatili, kwa kundi huwa nafasi ya kuonyesha wema. Wanaotuuliza kama wacheze peke yao, jibu letu ni kwamba yawezekana, lakini hawatauona mchezo tuliouona sisi.

Kwa macho na kwa masikio mchezo huu ni wa namna ya peke yake. Ukitazama mti kwa karibu, waona picha yenye chembe kubwa, kama za michezo ya zamani. Lakini mwanga ni wa siku hizi: jua hupenya kati ya majani, ukungu hukaa juu ya maji, dhoruba hutia giza nchi nzima. Watengenezaji walijua fedha yao ni ndogo, wakaitumia pale jicho linapotazama kwanza. Muziki ni wa Patrik Jarlestam, nao ni mpole. Hukuacha usikie upepo na shoka la mwenzako likigonga mbali. Ni mfano mwema kwa kila fundi mwenye mtaji mdogo.

Sasa lawama. Ya kwanza ni urefu wa kazi. Chuma hupatikana kwa kuchimba tope ndani ya magofu yaliyozama katika kinamasi, chumba baada ya chumba, na vyumba vyote vyafanana. Mara ya kwanza ni ya kutisha, mara ya tatu ni kazi, mara ya kumi ni kuchoka. Kazi nzito yaweza kuwa na heshima, lakini kazi isiyofundisha jambo jipya yafaa ifupishwe, na hapa mkono wa mtengenezaji ulikuwa mzito.

Ya pili ni kwamba mchezo hueleza mambo machache mno. Yule kunguru husema maneno ya fumbo, kisha huruka. Wachezaji wengi, wakichoka kutafuta, hukimbilia intaneti kusoma orodha za vitu vyote na namna ya kuvipata; na mara hiyo ile furaha ya kuvumbua huwatoka, wakawa kama wanafunzi walionunua majibu ya mtihani. Kunguru angesema kidogo zaidi, wengi wangebaki msituni wakitafuta wenyewe.

Lawama ya tatu ndiyo nzito, nasi twaomba wasomaji watuvumilie. Nchi ya Valheim ni nchi isiyo na wenyewe. Isipokuwa wachuuzi wachache sana, hakuna mtu wa kusalimiwa, wa kuombwa ruhusa, wala wa kudaiwa. Kila mti ni wa kukatwa, kila kaburi ni la kuvunjwa, kila kiumbe ni cha kuuawa. Katika nyanda za mbele wako viumbe waitwao Fuling, wafupi, wenye ngozi ya kijani. Hao wana vijiji, wana uzio, wana mashamba ya shayiri na kitani. Mchezaji huvamia kijiji, huwaua, huchukua mbegu zao akazipanda kwake. Wao, ni kweli, humshambulia kila wamwonapo; lakini mchezo haukumpa njia nyingine yoyote, hata ya kujaribu kununua kibaba kimoja cha shayiri. Sisi tunaofundisha historia ya Afrika twajua vema neno “nchi tupu” limefanya kazi gani duniani, na jinsi wenye mashamba walivyogeuzwa kuwa mazimwi katika vitabu vya waliokuja kuyachukua. Hatusemi kwamba vijana wa Skövde walikusudia hivyo. Twaamini walirithi desturi ya michezo bila kuitazama. Lakini mchezo uliojua kutufundisha adabu ya kumwonya mwenzi kabla mti haujaanguka, ulikuwa na uwezo wa kutufundisha pia adabu ya mgeni. Hapo umepungukiwa, na upungufu huo hauondolewi na uzuri wa bahari.

Basi turudi kwenye swali la vijana. Je, ni kitu cha maana, au ni upotevu wa saa? Twajibu: maana yake imo katika watu unaocheza nao. Mtu mwenye wenzi wawili au watatu anaowapenda, walio mbali naye, atapata hapa kitu ambacho barua na simu havitoi, yaani kazi ya kufanya pamoja. Sisi wanne hatukuwa tumekaa mahali pamoja tangu tulipotoka chuoni. Katika majuma sita tulijuana upya, tukaona nani ni mvumilivu, nani ni mwepesi wa hasira, na nani hubeba mzigo wa mwenzake pasipo kuombwa. Lakini anayetaka tu kuikimbia kazi yake ya mchana, tunamwonya kwamba mchezo huu ni kazi nyingine, nao haulipi mshahara. Na kwa wanafunzi wa bweni twashauri saa zihesabiwe, tena wacheze makundi makundi, wala asiwepo mmoja aliyejifungia gizani.

Kwa waalimu wenzetu tuna shauri moja zaidi. Msiuhukumu mchezo huu mkiwa mmesimama mlangoni. Ketini na vijana jioni moja, mwulize kwa nini paa hili limeanguka, kwa nini moshi umejaa, kwa nini bronzi yataka bati. Kisha mwulize, katika vijiji vile vya nyandani, ni nani aliyeipanda shayiri. Maswali matatu ya kwanza wataweza kuyajibu upesi. La nne litawanyamazisha kidogo, na katika kimya hicho mwalimu aweza kuanza somo lake la historia.

Hayo ndiyo maoni yetu ya majuma sita. Nchi za mbele bado hatujazifikia, na tukizifikia huenda tukaona mengine. Mwenye kuyaona tofauti na aandike, naye tutamsoma kwa furaha.